Maji ya Ijumaa

Mpendwa Shangazi,

Leo asubuhi mkurugenzi wa mgodi wa bati alifika nyumbani kwangu, hapa Nguba, Bukavu. Alisema kibali cha mgodi kinakaribia kwisha, kwa hiyo mimi, mchukua maji wa serikali, Jumatatu niende Kalehe nikachukue maji ya chemchemi yenu yapimwe maabara. Nimemjibu kwamba nitakwenda Ijumaa. Wewe ungeelewa mara moja, ndiyo maana nakuandikia, ingawa tulikuzika mlimani huko tangu mvua zilizopita. Barua hii naitoa wazi, ili kila anywaye maji yale aisome au asomewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nikija na sanduku langu la chupa? Ulisimama nyuma yangu na ndoo, ukinitazama nikisuuza kila chupa kwa maji yaleyale kabla ya kuijaza.

"Unaogesha chupa sawa mutoto wa kwanza," ulinicheka.

Nami, kama ilivyo desturi yangu, nilisahihisha Kiswahili chako: si "sawa mutoto", ni "kama mtoto".

"Mayi inachafuka," ulisema, "na weye uko unasafisha maneno yangu?"

Ni wewe uliyenionyesha siku. Jumamosi jioni mashine za kuoshea mawe huzimwa, tope hutulia katika bwawa la mgodi juu ya chemchemi, na alfajiri ya Jumatatu chemchemi hutoka maji meupe. Ijumaa, chemchemi ileile hutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sheria inataka maji yapimwe kabla ya kibali kutolewa. Haikusema yapimwe mgodi ukiwa umelala.

Sisahau siku mkurugenzi huyu alipowaleta wakaguzi wa kibali. Ilikuwa Ijumaa, na kwa kosa la dereva walipitishwa chini, kwenye chemchemi, badala ya kambini. Ulichota kikombe, ukampa mkurugenzi kwa mikono miwili.

"Asante, Mama. Sina kiu."

"Kwetu, mwenye kupana kinywaji ndiye anaonjaka wa kwanza, mugeni ajue hakuna sumu. Haya mayi ni weye unatupanaka. Onja, Citoyen Mkurugenzi, sisi tutakufuata."

Hakuonja. Alisema desturi hiyo ni ya pombe, si ya maji.

"Basi tuletee kasiksi ya ndizi," ulimjibu, na wanawake wote waliokuja kuchota wakaangua kicheko. Alimwaga maji yale chini polepole, kisha akafuta mikono kwenye koti lake la abakosti.

Hata hivyo, kibali alikipata. Chupa nilizojaza siku ile zilisemekana zimechelewa njiani na kuharibika, kisha akatumwa mtu mwingine. Jumatatu.

Sitasema kwamba maji hayo ndiyo yaliyokuua. Sina kipimo cha jambo hilo, nami sisemi nisichokipima. Nasema tu kwamba uliyanywa hadi mwisho kwa sababu hapakuwa na mengine, na kwamba binti zako wanayanywa hata leo.

Mkurugenzi alipoona nimeshikilia Ijumaa, alibadili sauti. "Muzee, umebakiza kidogo ustaafu. Usijiharibie kwa sababu ya ndoo ya mayi."

Nilimwomba aketi, kwa kuwa si adabu kumtisha mtu umesimama mlangoni mwake. Hakuketi. Basi nikamwambia akiwa amesimama: sichukui maji ya Jumatatu, wala siweki sahihi yangu chini ya maji yaliyochukuliwa na mwingine. Wakitaka kuniachisha kazi, waniachishe kabla ya Ijumaa, na waandike sababu.

Nimekwisha kupeleka habari Kalehe. Kila mwanamke anayechota pale atakuja na chupa yake. Nitajaza zangu mashine zikiwa zinanguruma, nao watajaza zao kando yangu, kisha tutapanda wote mashua moja hadi Bukavu na kuingia maabara kwa mlango wa mbele. Chupa ya mtu mmoja yaweza kuchelewa njiani. Za mlima mzima, tutaona watasema nini.

Pumzika, Shangazi. Wewe ulikwisha kuyanywa ya kutosha.

Mimi, mwana wa kaka yako.