Nani Kazifungua Picha za Harusi?

Jumatatu. Mvua imepiga tangu alfajiri, imekatika sasa hivi tu, na mapaa ya Mji Mkongwe bado yanachuruzika. Chumba changu kinanuka chokaa iliyoloa. Nimejaribu kunywa chai, nusu yake nimeimwagia meza.

Nnaogopa. Naliandika neno hili mwanzo kabisa nisije nikajifanya jasiri huko mbele.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kupiga picha kwenye sherehe za harusi za wanawake. Nazungumzia ile jioni ambayo mlango unafungwa, wanaume wote wako nje, simu zinaachwa kwenye kapu mlangoni, na mabuibui yanavuliwa. Ndani mle utamwona mwalimu wa skuli anacheza, nywele zimemwagika mgongoni, asumini zinamdondoka. Utamwona mama mtu mzima na gauni ambalo pengine hata mumewe hajaliona. Kamera inayoingia ni moja tu, yangu, kwa sababu mimi ni mwanamke na kwa sababu wananiamini.

Nafanya kazi na Ruwaida, anakaa Kidichi. Mimi napiga, yeye anasafisha picha kwenye kompyuta yake. Zamani nilikuwa nampelekea kadi ya kamera kwa mkono, na kila nikipanda gari naishika mkobani mpaka nifike. Baadaye tukahamia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila harusi ina folda yake. Mimi napakia huku mjini, Ruwaida anazichukua kule, anazirudisha zikiwa zimeshasafishwa, na bi harusi naye anaingia humo humo, popote alipo. Tumemwekea jedwali lenye namba ya kila picha na pahala pa kuandika maoni: hii ichapishwe, hii iondoshwe, hii mama asiione. Tunaweza kuwa ndani sote kwa pamoja, kila mtu jina lake linaonekana juu ya kioo. Nilikuwa naipenda sana kazi hii ya kukutana bila ya kukutana.

Na folda huwa naifunga. Anaingia aliyealikwa peke yake, kwa imeili yake.

Asubuhi nilifungua folda ya Thuwaiba, aliyeolewa wiki iliyopita. Nilitaka kuangalia kama keshachagua picha za albamu. Jedwali likafunguka, na pembeni juu nikaona viduara viwili vya rangi. Nikasema moyoni, Ruwaida na Thuwaiba hao, wameniwahi leo.

Hawakuwa wao.

Mtu akiingia bila akaunti, programu haimjui, basi humbandika jina la mnyama. Mmoja alikuwa Popo. Mwengine Bata.

Popo akatoweka huku namtazama. Bata akabaki. Nikaona kisanduku chake kinashuka mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu anayepitisha kidole kwenye karatasi. Kikafika kwenye mstari wa picha ya Zuhura, mmoja wa waalikwa, kikasimama. Kisha herufi zikaanza kutokea moja moja:

"Huyu wa gauni la kijani nani? Kaolewa?"

Kichwani mwangu nilimwona mwanamume. Sikuwa na sababu yoyote ya kumwona, lakini nilimwona amekaa zake pahala, miguu juu ya meza, anazipitia picha za wanawake wale mmoja mmoja, na mimi niko chumba kimoja naye na siwezi hata kumpiga kelele.

Nikaenda kwenye mipangilio ya folda. Pameandikwa: yeyote mwenye linki. Yeyote! Si mimi niliyeweka vile. Nikaifunga. Bata akapotea papo hapo, na swali lake likabaki pale kwenye jedwali.

Nikampigia Ruwaida.

"Umefungua folda ya Thuwaiba kwa watu?"

"Mie? Umeme hatuna tangu jana. Kwani vipi?"

"Kuna mtu alikuwa ndani. Kaandika anauliza kama Zuhura kaolewa."

Nilisikia mvua inavyopiga bati lao kule Kidichi.

"Yaa Rabbi," akasema. "Kazichukua?"

"Sijui."

"Huwezi kuangalia?"

"Hainioneshi. Asiyejulikana haandikwi popote."

Akaanza kulia, na mimi sikuwa na nafasi ya kulia, nikamwambia nitampigia.

Thuwaiba simu yake ilikuwa imezimwa. Basi nikatoka na mvua yangu mpaka Kiponda, kwa mama yake, Bi Zuwena. Njiani kila mwanamume aliyenipita kwenye vichochoro nilimwangalia uso. Muuza mkate, kijana wa pikipiki, mzee mmoja aliyenisalimia vizuri tu. Nilikuwa najiuliza: wewe? Ni wewe?

Najua ni upuuzi. Lakini hivyo ndivyo hofu ilivyonishika.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, umerowa! Picha zishatoka?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama pale pale ukumbini, maji yananidondoka. Sikuzunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Na mie nimo?" akauliza.

"Umo, Bi Zuwena."

"Ile niliyokuwa nacheza?"

"Ile."

Kisha akachukua simu yake, akampigia mkwewe wa kiume, akamwamrisha ampe Thuwaiba. Akaweka sauti wazi ili na mimi nisikie.

Thuwaiba wala hakukataa. Wakwe zake walioko Maskati walishindwa kuingia, alisema, kila wakibonyeza wanaulizwa imeili na neno la siri, na hawana habari na mambo hayo. Akatafuta pa kulegeza, akapaona, akalegeza. Halafu akaitia linki kwenye grupu la wanawake wa pande zote mbili.

"Nilisema ni wanawake watupu, mama. Wanawake watupu!"

Haki ya kubadilisha mipangilio nilimpa mimi, ili aweze kuhamisha picha azipendazo kwenye folda ya albamu. Sikuwaza kwamba mkono unaohamisha picha ndio huo huo unaoweza kuufungua mlango. Nilipaswa kuwaza.

"Washa simu yako, uliza huko grupuni," Bi Zuwena akamwambia, "nani kaandika maneno yale."

Tukasubiri. Bi Zuwena anavuta uradi, mimi nasimama, nakaa, nasimama. Ukaja ujumbe wa sauti, Thuwaiba akatupigia simu, akatuwekea tuusikie. Sauti ya bibi mmoja, nzito, imechangamka kweli kweli. Bi Maimuna, mama mkubwa wa bwana harusi, yuko Maskati na magoti yake mabovu, hakuweza kuja.

"Ni mie! Mie Maimuna! Nimeuliza tu jamani, kosa? Nnamtafutia Haroub wangu mke, na yule mtoto wa gauni la kijani kanipendeza. Anacheka vizuri. Sasa kaolewa au hakuolewa? Mbona hamnijibu, mnanifungia mlango?"

Bi Zuwena alicheka mpaka akalazwa na kicheko kwenye mto. Na mimi nilicheka. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Bata ni Bi Maimuna! Bibi anayetafuta mkwe, kama wanavyofanya mabibi wote kwenye harusi zote, isipokuwa yeye kafanya akiwa kitandani kwake, ng'ambo ya bahari.

Kicheko kikaisha, nikakumbuka walikuwa wawili.

Thuwaiba aliuliza tena grupuni: nani mwengine aliyefungua asubuhi? Hakuna aliyesema ni yeye. Mara mmoja akaandika kwamba yeye alimpelekea linki mdogo wake aliyeko Dubai, aone mapambo ya ukumbi. Mdogo wake kampelekea nani, hajui. Mwengine akaandika kwamba simu yake anaichezea kila mtu nyumbani, wanawe na baba yao.

Na baba yao.

Bi Zuwena akazima simu, akaiweka kifudifudi.

"Sikiliza, mwanangu. Umefunga?"

"Nshafunga."

"Basi lishakwisha. Tusilipepee. Ukianza kupita nyumba hadi nyumba, hata aliyekuwa hajui atajua, na atakayekuwa hakutafuta atatafuta. Umenifahamu?"

Nikamwambia nimemfahamu. Na kweli nilimfahamu, na nilitamani iwe hivyo. Nilitoka pale mwepesi, nimepewa ruhusa ya kunyamaza na mtu mkubwa kuliko mimi.

Lakini swali lilikuwa limeulizwa juu ya Zuhura, na grupu zima limeshalisikia. Lingemfikia leo hii hii. Nikaona bora alisikie kutoka kwangu.

Zuhura anasomesha watoto wadogo, na tangu kuachika kwake anaishi kwa kaka yake mkubwa, huku huku mjini. Nilimkuta karudi skuli, anaanika madaftari ya wanafunzi yaliyoloa, kayapanga sebuleni kote. Kaka yake hakuwepo. Nilipoona viatu vyake havipo mlangoni, nilishusha pumzi.

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipofika kwa Bi Maimuna nilitabasamu kidogo, nikitegemea na yeye atatabasamu.

Hakutabasamu.

"Nioneshe picha," akasema.

Nikafungua kompyuta juu ya mapaja yangu. Yuko pale: gauni la kijani, kichwa kakirusha nyuma, nywele zote nje, anacheka na mtu ambaye haonekani. Aliitazama muda mrefu sana. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Nzuri," akasema. "Sijawahi kujiona hivi."

Kisha akasema, "Ifute."

Nikaifuta. Nikaenda kwenye kapu la taka la folda nikaifuta na huko, nikamwonesha. Nikamtafutia nyengine zote alizomo, hata zile alizotokea kwa mbali, tukazifuta pamoja, yeye anaonesha kwa kidole, mimi nabonyeza. Nikampigia Ruwaida mbele yake afute za kwenye kompyuta yake umeme ukirudi. Ruwaida aliahidi kwa kiapo.

"Na yule mwengine?" Zuhura akauliza. "Asiyejulikana?"

"Simjui, dada yangu. Na kama alizipakua, sina njia ya kuzifuta huko kwake."

"Kaka alinikataza kwenda. Nilimwambia mle ndani hapana wa kutuona." Akaokota daftari moja, akaligeuza upande wa pili, akaliweka chini. "Mie umenijia kwa sababu nimeulizwa. Na wale wengine, ambao hawakuulizwa?"

Nikamwambia Bi Zuwena kanikataza.

"Bi Zuwena ana picha ngapi humo za kwake? Za kwake azinyamazie. Yangu mie nimefurahi nimeambiwa, na nimekasirika, na nnaogopa. Lakini leo kaka akirudi nitakuwa najua ninachokiogopa."

Nilikaa kwenye ngazi za nje nikashindwa kuondoka. Nilimpigia Ruwaida tena.

"Tukiwaambia wote, nani atatuita harusini tena?" akauliza.

"Sijui."

"Kazi tuliyonayo ndiyo hii."

"Najua."

Kisha akasema, "Wa Kidichi na Bububu niachie mimi. Wewe pita wa mjini."

Nikampigia Bi Zuwena kumjulisha, maana sikutaka alisikie mitaani. Hakunitukana. Alisema, "Haya," akakata simu. Sasa sidhani kama nitaitwa kwao tena, hata kwa chai.

Nimeshapita nyumba ya kwanza kabla ya kurudi kuandika haya. Msusi wa nywele, mchangamfu kweli, ukumbini ndiye aliyekuwa anawavuta waliokuwa wakiona haya. Nilijitayarisha kwa matusi. Alinisikiliza kwa utulivu, mkono mmoja kwenye komeo, akasema, "Ahsante kwa kunambia," akafunga mlango. Nikasikia komeo la juu, kisha la chini.

Hilo ndilo lililonimwagisha chai.

Nimeingia kwenye folda zetu zote za nyuma nikazikagua moja moja. Zimefungwa. Nimewaondolea mabibi harusi wote haki ya kubadilisha chochote. Wataandika maoni tu. Nimeifunga kompyuta, nikaifungua tena kuhakikisha. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Kila nikifungua, jicho linakwenda pembeni juu, kwenye vile viduara, kutafuta kama kuna aliyekuja.

Hapana. Niko peke yangu.

Kesho naanza na Mkunazini. Anayekaa huko alicheza sherehe nzima bila kupumzika, na nina picha zake nyingi kuliko za mtu yeyote isipokuwa bi harusi mwenyewe. Namjua mumewe. Namjua alivyo mkali. Nimefikiria kumngojea mumewe atoke, nimefikiria kumwita mkewe tukutane skuli ya watoto wao, nimefikiria kumruka kabisa na kusema nilimsahau.

Sitamruka. Nitabisha hodi, ataniitikia, atanikaribisha kwa furaha akidhani nimemletea picha.

Baada ya salamu, nitaanza na neno gani?