Mke Wangu Ataka Nimpose Upya Kabla ya Mkutano Mkuu

Mpendwa Mshauri,

Baada ya salamu, naomba msaada wako, na naomba usikawie, kwa maana gari la moshi la Nairobi halimngoji mtu, nami mpaka leo sijui vifungo vya kola yangu viko wapi. Mimi ni mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, nakaa ghorofani katika nyumba ya kupanga hapa Kibokoni, na sijapata hata siku moja kupeleka habari za nyumbani mwangu gazetini, jambo ambalo siku zote nimeliona kuwa ni la watu wasio na kazi. Lakini yaliyonifika yamenifika. Naomba jina langu lifichwe. Mke wangu nitamwita Mbodze, na mama mwenye nyumba, ambaye hukaa chini yetu, nitamwita Bimdogo.

Mwezi uliopita baraza la kanisa letu lilikutana ili kumchagua mjumbe mmoja wa kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa kanisa la nchi nzima, mjumbe mwenye kura, si mtazamaji wa kukaa nyuma na kula keki, na jambo kubwa litakalopigiwa kura huko ni hili: watu waliooana kimila kabla ya kubatizwa, wala hawakufunga ndoa kanisani baadaye, je, wahesabiwe kuwa mume na mke, au watengwe na Meza ya Bwana mpaka watakapofunga? Mimi nilisimama nikasema watengwe, nikasema kwa muda mrefu, nikataja usafi, nikataja mfano mbaya kwa vijana, nikawanukuu mitume watatu, na nasema kweli bila ya kujisifu kwamba nilisema vizuri mno, hata mhazini, ambaye kwa desturi husinzia, aliamka, na wote wakainua mikono kwamba mimi ndiye nitakayekwenda, na kwamba kura yangu iwe ya kuwatenga.

Nikaanza kujitayarisha. Nilinunua blanketi kwa Allarakha mwenye duka, kwa kuwa nimeambiwa baridi ya Nairobi haina adabu, nikapeleka suti kwa fundi ikapunguzwe kiuno, na kila jioni nilisimama mbele ya kioo nikajizoeza kuinua mkono, maana mkono ulioinuliwa nusu huhesabiwa na pande zote mbili. Kisha mchungaji akaniita kando. Akaniambia kwamba kila mjumbe mwenye kura lazima aonyeshe cheti cha ndoa ya kanisa, na kwamba yeye anakumbuka kuwa mimi sina.

Mshauri, naapa, nilipokuwa nikisema barazani sikuwa nimetufikiria sisi. Nilikuwa nikiwafikiria watu wa mashambani. Mimi na Mbodze tulioana kwao Kaloleni, mbele ya baba yake, mahari ikatolewa, wazee wakanywa wanachokunywa wazee, na baada ya miaka miwili tukabatizwa sote siku moja, na mchungaji wa wakati ule hakuuliza neno. Mchungaji wa sasa alinituliza. Alisema, "Si neno, Mwalimu. Njooni Jumamosi ya kabla ya safari, saa nne, kwaya ikimaliza mazoezi. Nitawafungisha upesi, wala hapana haja ya watu kujua."

Jioni ile nilikuwa nikimsomea Mbodze hotuba yangu, naye akipakua wali, akasimama na upawa mkononi akaniuliza, "Baba Kadzo, hao wanaotengwa ni kina nani?"

Nikamjibu, "Ni watu waliooana kienyeji, wasio na cheti."

"Kama sisi?"

Nikamwambia kwamba sisi ni jambo dogo, tutafungishwa Jumamosi saa nne, kwaya ikimaliza mazoezi. Hakupiga kelele. Laiti angalipiga kelele. Alinipakulia, akangoja nikala, akaosha sahani, akafunga nguo zake katika kanga, akasema, "Mimi nilidhani nimeolewa. Kumbe bado. Basi mwanamke asiyeolewa hapaswi kulala katika nyumba ya mwanamume. Kwaheri, Bwana Mjumbe." Akateremka ngazi, akabisha hodi kwa Bimdogo.

Asubuhi nilikwenda kumchukua. Bimdogo alinifungulia mlango nusu, akanitazama kama anayetazama samaki wa jana.

"Mwalimu, unamtaka nani?"

"Namtaka mke wangu, Bimdogo."

"Mke yupi? Hapa nina mwari tu. Amenambia mwenyewe kwamba hamna ndoa. Yalaiti! Na mimi kila Ramadhani nawapandishia futari, kumbe juu ya kichwa changu mwakaa vivi hivi!"

"Bimdogo, haya ni mambo ya kanisa."

"Kama ni ya kanisa, nenda ukalale kanisani. Ukimtaka mwari, leta wazee waje wapose. Mlango wangu waujua."

Tangu siku hiyo nasikia vicheko chini ya sakafu yangu, na harufu ya udi inapanda ngazi. Nikiita, "Mbodze, vifungo vya kola viko wapi?" Bimdogo hugonga dari kwa mpini wa ufagio na kusema, "Mwari hasemi na waume!" Allarakha naye, nikipita dukani, huniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa kichochoro, "Bwana harusi, blanketi moja tatosha, au tafuta kubwa?" Mambo hayakuishia hapo. Mbodze ndiye afuaye vitambaa vya Meza ya Bwana tangu tulipobatizwa, na juzi juzi alimrudishia mchungaji vitambaa hivyo bila ya kuvifua, akatuma maneno kwamba mikono ya mwanamke asiye na ndoa haifai kuvigusa. Jumapili iliyopita tulishiriki juu ya kitambaa chenye doa, na waumini wote waliliona.

Nilimtuma shemeji yangu Kalama akamuulize anataka mahari gani. Kalama alirudi akicheka, jambo ambalo sikulipenda. Mbodze amesema hataki mahari, mbuzi wa kwanza walikwisha liwa na hakuna aliyewatapika. Anataka jambo moja tu: nisimame mbele ya watu wangu wa Nairobi niseme, kwa kumtaja jina, kwamba nilimwoa siku ile kwa baba yake, na kwamba tangu siku ile yeye ni mke wangu. Nikiwa siwezi, amesema, basi na niolewe na kanisa.

Sasa, Mshauri, nitawezaje kusema hivyo, nami nimetumwa kupiga kura ya kuwatenga watu wa namna hiyo, tena kwa hotuba yangu mwenyewe? Nikiacha nafasi itachukuliwa na makamu wangu, ambaye cheti chake amekitia fremu ukutani, ingawa mkewe alikwisha kwenda zake Tanga. Naomba uniambie ni kwa njia gani nitamfanya Mbodze arudi kwa amani na akubali kwenda kanisani Jumamosi saa nne, ili nami nitimize wajibu wangu.

Ni mimi, Mjumbe Mwenye Kura, Kibokoni.

JIBU

Mzee Mjumbe,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui nimelificha kwa nani, kwa kuwa Kibokoni nzima mzee wa kanisa anayeishi juu ya mwari ni mmoja tu. Pole kwa upweke, na pole kwa kola. Hizo ndizo pole zangu zote.

Umeniandikia barua ndefu kuhusu cheti, na cheti si ugonjwa wako. Watu wengi hawana cheti na wanalala salama. Ugonjwa wako ni kwamba ulisimama barazani ukawahukumu watu wote waliooana kama ulivyooana wewe, ukasema mpaka mhazini akaamka, na katika maneno yote hayo mke wako hakukupitia akilini. Mwanamke uliyekula chakula chake mchana ule ule! Mbodze hakukasirika kwa sababu hakuolewa kanisani. Amekasirika kwa sababu alipokuuliza, "Kama sisi?" ulimjibu kwa saa na siku, kama mtu anayepanga zamu ya kufagia.

Tena hebu itazame hiyo Jumamosi yako. Ukifungishwa kwa siri, kwaya imekwenda zake na mlango umeegeshwa, utakuwa umekiri kwamba miaka yote iliyopita ulikaa na mwanamke ambaye si wako. Na Kadzo, mtoto wenu, atakuwa mtoto wa nani? Kisha utapanda gari la moshi na cheti kibichi mfukoni, wino haujakauka, uende ukainue mkono ili kuwafukuza wenzako wa juzi. Mwizi anayepiga kelele za mwizi angalau huwa anakimbia. Wewe wataka kukaa kiti cha mbele.

Unauliza nani atengwe na Meza. Mzee, jambo hilo limekwisha amuliwa, wala halikungoja Mkutano Mkuu. Meza yenu ndiyo iliyotengwa na Mbodze, na doa mmeliona wenyewe. Kwa miaka mingi mikono yake ilifaa kukufulieni vitambaa bila ya mtu kuuliza cheti. Cheti mlikikumbuka pale tu mlipotaka kukikumbuka.

Bimdogo usimkasirikie. Ninyi wa kanisa mna vyeti na mabaraza, na yeye, asiye wa dini yenu, ndiye pekee aliyeshika neno lenu kama mlivyolisema: kwamba asiyeolewa asikae na mwanamume. Ninyi mlilisema ili liwapate wengine. Yeye alilitekeleza ngazi moja chini ya kitanda chako, na mke wako amemtunza, amemfukiza udi, wala hakukudai chochote. Ukipata nafasi mshukuru.

Sasa nisikilize, maana siku zako ni chache. Jumamosi usiende kufungishwa. Mwambie mchungaji hivi, wala usiongeze mitume: "Nina mke. Cheti sina. Sitafunga ndoa ya mafichoni ili nipate kiti." Kisha mwombe aliite baraza kabla hujasafiri, usimame pale pale uliposimama, uwaambie kwamba wale uliotaka watengwe, wewe ni mmoja wao, na kwamba kura yako itakuwa ya kuwahesabu kuwa mume na mke. Uliwashawishi kwa nusu saa. Wape robo saa ya kukushangaa. Wakisema nenda hivyo hivyo, nenda na barua yao mkononi badala ya cheti, na huko Nairobi useme alivyotaka Mbodze, kwa jina lake lote na jina la baba yake. Wakisema usiende, mpe makamu wako blanketi. Atalihitaji, kwa kuwa cheti hakipashi mtu joto, naye tangu mke aende Tanga bila shaka amekwisha kuligundua hilo.

Na ukienda, nakuonya: kura itakapoitwa usiende chooni. Katika mikutano ya namna hii matumbo ya wajumbe wengi huharibika ghafla saa ya kuhesabu mikono. Lako lisiharibike. Inua mkono mzima, kama ulivyojizoeza.

Najua utasema, "Nitachekwa." Ndiyo, utachekwa. Allarakha amekwisha kuanza na hukufa. Lakini uliogopa kuchekwa na watu ambao utaonana nao kwa siku chache, ukakubali kumpoteza mtu ambaye angekufunga hiyo kola. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wako wa darasa la kwanza asingeikosea.

Ikiwa siku moja Mbodze mwenyewe atataka baraka ya kanisa, mpeleke mchana, kwaya iwepo na iimbe kwa nguvu, na Bimdogo akae mbele kama atapenda kuja. Mchungaji aibariki ndoa iliyopo, asijidai kuianzisha. Asipotaka, nyamaza, ule wali wako.

Na kwanza kabisa, kabla ya mchungaji na kabla ya baraza, teremka ngazi leo hii. Usimtume Kalama. Usilete wazee wa kuposa, kwa maana mtu haposi mke wake, humwomba radhi. Usiulize habari za vifungo. Bisha hodi kama mtu mwenye adabu, ungoje hata ukiachwa umesimama. Na Mbodze akiuliza kutoka ndani, "Ni nani?" usijibu, "Mjumbe." Jibu, "Mumeo," na useme kwa sauti ile uliyomwamshia mhazini.