Mrija Wangu Kapewa Mtu wa Barafu

Turwa, Tarime

Mama Chacha,

Pokea salamu zangu. Mwili mzima, ila roho inaniuma. Unajua kila nikija kwa mjomba, wazee hunipa mrija kwenye chungu cha pombe, nami huwasimulia theluji niliyoigusa Kilimanjaro. Safari hii nimekuta Mzungu kakalia kigoda changu, ananyonya kwa mrija wangu! Gari lake limeharibika hapa. Eti ametoka ncha ya kusini ya dunia, wanakochimba barafu wajue hali ya hewa ya zamani.

Mzee mmoja akamwuliza, "Huko ng'ombe wanakula nini?" Akajibu hakuna ng'ombe hata mmoja. "Sasa vijana wenu wanaoaje?" Mzungu akacheka mpaka machozi, akasema kweli, kambini walikuwa wanaume watupu. Basi, wazee wote wakawa upande wake. Nilipofungua mdomo kutaja Kilimanjaro, mjomba akanikatiza: "Ngoja, mgeni hajamaliza."

Nimewakumbuka sana, wewe na watoto. Ila habari hii ya barafu usimwambie mtu yeyote huko mtoni mnakoteka maji. Niachie nije niisimulie mwenyewe, angalau hapo kwetu Kenyamonta nibaki mimi ndiye niliyefika mbali.

Baba Chacha