Dakika Zangu Mbili za Kichwa Chini

Jumanne

Dakika mbili tu, ndizo nilizotaka. Mgongo huu umeharibiwa na miaka ya kupalilia miwa, na kile kitanda cha kujigeuza alichoniletea binti yangu ndicho pekee kinachoutuliza. Unafunga miguu, unageuka kichwa chini, uti wa mgongo unanyooka.

Leo ndio nilikuwa nimeanza kusikia raha, wifi yangu Rose akaingia uani. Akapiga nduru. "Jameni! Wamemfunga mke wa ndugu yangu kama kuku wa kupelekwa soko la Lubao!"

Majirani wakajaa. Nikijieleza, wanasema damu imeniingia kichwani, naropoka. Mmoja akaanza maombi, wengine wakanifungua na kunishusha kama gunia la mahindi. Sasa hata kuinama nivue viatu siwezi. Na palizi ndiyo hii imefika, sijui nitapalilia vipi.

Majirani walipoondoka, Rose alibaki, mkono kiunoni.

"Mulamwa, wifi yangu, hiyo kitu inasaidianga kweli? Mgongo umeninyima usingizi wiki nzima."

Nikamwambia aje kesho. Nitamfunga mwenyewe, na hashuki mpaka aniombe msamaha.