Amesoma?

Izimbya, Alhamisi

Kaka Privatus,

Sisi tupo, ila mvua imelaza migomba mitatu nyuma ya jiko. Naiacha barua hii kwenye akaunti ile ile ya barua pepe tuliyofungua pamoja Muleba, tunayoitumia sote wawili, maana simu hupokei tangu ulipogombana na Baba.

Nikuambie siri. Ile sehemu ya habari uliyoiunganisha humu, za kahawa na mpira, maandishi yake hubaki yamekoza wino mpaka mmoja wetu azifungue. Mimi sizigusi. Mwaka mzima, kila asubuhi nakuta umeshazifungua. Baba haulizi uko wapi. Anauliza tu, “Amesoma?” Nikijibu, “Amesoma, Tata,” anakunywa uji wake.

Tangu Jumapili hujafungua hata moja. Nimekuwa nikimwambia mtandao unasumbua. Leo hali ya Baba si nzuri, na uji ameusukuma kando. Nikazifungua zote mwenyewe, nikamwambia umesoma. Akatabasamu. “Bei ya kahawa ameiona?”

Kaka, kesho sitazigusa. Fungua hata moja tu, nisimdanganye tena.

Mdogo wako anayekuwaza,
Joviana