Darasa Langu Limetaifisha Ng'ombe Wangu

Mama Mshauri, mpendwa wa wasomaji wengi,

Naomba kwanza uniwie radhi kwa ukimya wangu wa miaka miwili. Utanikumbuka: mimi ndiye niliyekuwa nikiliandikia gazeti lenu kila mwezi kulionya juu ya matumizi mabaya ya viambishi, na mliponijibu kwamba nafasi ni finyu nilinuna, nikaapa kutolinunua tena, nikawa nalisoma kwa jirani. Leo sina sahihisho lolote. Leo nimefikwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka sitini na mmoja, naishi katika kijiji kipya karibu na Ushirombo, na kila Jumanne na Alhamisi alasiri nafundisha darasa la watu wazima katika ghala la pamba: kusoma, kuandika na siasa. Katika siasa sina mpinzani wilaya nzima. Nimewafundisha habari za ubeberu, ubepari na ukabaila, nimewachorea ramani ya Vietnam kwa mkaa ukutani, na nilipowasimulia mateso ya ndugu zetu wa Msumbiji nililia mbele yao bila aibu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza hata padri. Tangu nilipoanza kupata mshahara nilikuwa nikinunua ng'ombe mmoja mmoja, na kwa kuwa mwalimu hana muda wa kuchunga, niliwawekesha kwa watu kama ilivyo desturi ya huku kwetu, huyu wawili, yule watatu, wengine Masumbwe, wengine Runzewe, kila mtu mbali na mwenzake. Anayelisha hukamua maziwa na kuchukua samadi, na ndama anayezaliwa ni wa mwenye ng'ombe, yaani wangu, na hakuna aliyejua jumla yao ila mimi na Mungu. Katibu wa tawi aliponiuliza, kabla ya kunikabidhi darasa la siasa, nina ng'ombe wangapi, nilimjibu kwamba ninao wawili, na sikuona kwamba nimesema uongo, maana zizini kwangu siku ile walikuwapo wawili.

Mama Mshauri, nani angejua kwamba mwaka huu serikali itatuhamisha sote na kutupanga katika kijiji kimoja, nyumba mstari mmoja kama meno, na kwamba wachungaji wangu wote watajikuta kijiji kimoja nami, Maduhu nyumba ya tatu kutoka kwangu, Bibi Lukresia mjane nyumba ya tano, Jilala ng'ambo ya kisima, na ng'ombe wote wakipelekwa malishoni pamoja, na kwamba huyo Bibi Lukresia, ambaye macho yake hayaoni herufi M hata ikiandikwa kubwa kama mlango, ataona kwamba ng'ombe kumi na tisa wa nyumba mbalimbali wamechanjwa sikio la kushoto kwa alama moja?

Hawakuniambia kitu. Walikuja darasani Alhamisi, wakakaa. Somo lilikuwa "Mnyonyaji ni nani?" Jilala akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu anayekula ndama ambaye hakumchunga, huyo naye tumweke fungu gani?"

Nami, kwa mazoea ya kujibu upesi, nikasema, "Huyo ni mnyonyaji, tena mnyonyaji mkubwa. Andikeni."

Wakaandika, wote ishirini na sita. Ndipo Maduhu akasimama, akavua kofia, akasema kwa adabu kubwa, "Basi, Mwalimu, tumeshamwandika. Sasa tumtaje?"

Siku ile ile walichagua kamati. Maduhu mwenyekiti, Bibi Lukresia mweka hazina ingawa hazina yenyewe inakula majani. Wakaazimia kwamba ng'ombe kumi na tisa ni njia kuu ya uchumi na kwa hiyo ni mali ya wanaowalisha, na kwamba fahali mwekundu atatolewa awe mchango wa darasa kwa wapigania uhuru wa Msumbiji. Nilipojaribu kupinga, Bibi Lukresia akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, Msumbiji ulipoisimulia ulilia. Leo imekuja kuomba fahali, unalia tena?"

Kura zilipopigwa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mke wangu, Scolastika, ambaye naye husoma darasani humo. Nyumbani nikamwuliza, "Mama Ansgar, hata wewe?" Akaendelea kupepeta mtama. "Baba Ansgar, hao wawili wa hapa nyumbani nawakamua mimi tangu unioe. Ikifika siku ya kugawana, nataka nikutwe upande wa wanaokamua."

Tangu hapo sina raha. Nikipita kisimani asubuhi Maduhu huniamkia, "Ng'wangaluka, Mwalimu. Ng'ombe wetu hawajambo." Ananiheshimu kuliko zamani, na hilo ndilo linaloniuma.

Lakini yote hayo ningeyavumilia kama si mwanangu Ansgar. Amechumbia binti wa Kagongwa, Paskalina, msichana mwenye adabu, na wazazi wake wametaja ng'ombe kumi na wawili, pamoja na fahali mwekundu ambaye baba yake binti, Mzee Cornel, alimwona akampenda. Nilikubali kwa kinywa changu. Mzee Cornel anakuja baada ya mavuno ya pamba, na amekwisha kusema kwamba asipowakuta ng'ombe, yuko mfanyabiashara wa Tinde anayengoja zamu yake. Ansgar hali chakula.

Nikienda kwa katibu wa tawi kudai ng'ombe wangu, nitakuwa nimekiri kwamba nilimdanganya, na darasa nitanyang'anywa. Nikinyamaza, mwanangu atamkosa mke. Na kamati imenipa njia ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili: wanasema kwamba mimi mwenyewe niliwafundisha kwamba kila mtu atatoa kwa kadiri ya uwezo wake na kupata kwa kadiri ya mahitaji yake, kwa hiyo niandike ombi la ng'ombe wa mahari, lisomwe mbele ya darasa, na wao watalifikiria. Mimi niandike ombi! Nimpe Maduhu alisome, ambaye mwezi wa pili nilikuwa nikimshika kidole ili achore herufi O!

Nifanye nini, Mama? Nishauri upesi. Ukinijibu nitakaa chini nitafakari, na nikishakata shauri, nitakuandikia.

Wako katika dhiki,
Mwalimu Telesphori

MAJIBU

Mwalimu Telesphori, shikamoo. Barua zako za viambishi tunazo zote, na ninakiri kwamba nyingi zilikuwa sahihi. Pole kwa yaliyokukuta. Sasa pole imekwisha, nisikilize.

Umenieleza kurasa nne jinsi darasa lilivyokunyang'anya ng'ombe. Mimi nimesoma mara mbili, na kila mara naona jambo jingine. Kwa muda wa miaka mingapi Bibi Lukresia, mjane, ameamka alfajiri kuwatoa zizini ng'ombe wako, amewatoa kupe, amewakeshea wakizaa, na ndama alipoacha kunyonya ukaja kumchora sikio? Huyo mama hukumfundisha unyonyaji, alikuja darasani anaujua. Ulilomfundisha ni jina lake tu. Unashangaa kwamba amelitumia?

Hukukosa kwa kuwekesha ng'ombe. Babu zetu waliwekesha, na wengi walisaidiana hivyo wakati wa njaa. Umekosa kwa kuficha. Uliwaonea uchungu watu wa Msumbiji kwa kuwa wako mbali na hawajui zizi lako liko wapi. Ukombozi wa mbali hauna gharama, Mwalimu. Wa nyumba ya tatu ndio unaotaka ng'ombe.

Na wewe Maduhu, maana najua utasomewa gazeti hili au utalisoma mwenyewe, hongera, ila angalia. Mwenyekiti anayetembea kisimani akisema "ng'ombe wetu" kwa sauti ile naye ameanza kunona. Mwalimu huyu alikushika kidole. Usimfanye aombe kama mtu baki. Ng'ombe walinunuliwa kwa jasho lake la chaki, nalo ni jasho.

Haya, fanya hivi, Mwalimu. Usianze kwa katibu, anza darasani, kabla Mzee Cornel hajafika. Ng'ombe kumi na wawili waende Kagongwa, na waliowalisha ndio wawapeleke, wakae mbele katika arusi kama watu wa upande wa mwanamume, wale na kunywa. Watakaobaki, uzao wao mgawane nusu kwa nusu na wachungaji tangu sasa, mbele ya mashahidi. Fahali mwekundu aende Msumbiji, na Mzee Cornel umpe mwingine, ukimweleza yule wa kwanza ameitwa vitani. Baba mkwe hawezi kukataa hilo mbele ya watu. Kisha nenda kwa katibu kwa miguu yako mwenyewe, kabla hajasikia kwa jirani. Akikunyang'anya darasa la siasa, ukae benchi moja na Jilala, uinue mkono ukitaka kusema. Mama Ansgar mshukuru. Yeye peke yake katika nyumba yako alilielewa somo.

Umeahidi kuniandikia ukishakata shauri. Usiniandikie mimi. Alhamisi chukua chaki, uandike ubaoni, kwa ule mwandiko wako mzuri: "Mwalimu ana ng'ombe ishirini na mmoja." Umpe fimbo ya ubao Bibi Lukresia, awasomeshe wenzake neno kwa neno mpaka jua lishuke. Akikosea mahali, Mwalimu, nakusihi, usimsahihishe.