Sauti ya Shangazi Kinywani mwa Mwingine

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya ukumbi wa michezo.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa binamu yangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au baridi bado inakuandama? Mimi ni mzima, ila macho yameanza kugoma. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni vita. Shemeji yako hajambo, anakoroma kama kawaida yake. Habari za mama yako nitakupa, lakini niache nianzie mwanzo.

Ile filamu ya igizo letu la mjane imetoka. Unajua nilivyolipenda. Gauni jeusi la mama yako nililishona nikiwa bado mwanagenzi, na miaka yote kumi na mmoja aliyoimba kama mjane sikukosa hata onyesho moja. Nilisimama pembeni mwa jukwaa na pini mdomoni, nikilia kwenye wimbo uleule.

Wiki tatu zilizopita tukaenda kuitazama, mimi na mama yako. Shangazi alivaa vizuri, akapaka wanja, akanitania njiani kwamba leo atazeeka mara mbili. Mwanzoni nilinung'unika tu. Mvua yetu jukwaani ilikuwa maharage yanayotikiswa kwenye sinia la bati. Yao ilikuwa mvua ya kweli, na haikunilowesha hata kidogo. Wimbo wa wauza maji wameukata. Na yule binti anayeigiza mjane, gauni halina hata mkunjo! Mjane gani huyo?

Kisha akafika kaburini, akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya mama yako.

Sisemi inafanana. Ilikuwa yake, pamoja na ile pumzi anayoivuta kabla ya neno "rudi". Watu nyuma yetu wakapiga makofi. Shangazi akanishika mkono, vidole baridi.

"Huyo ni mimi," akaninong'oneza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa aliyekaa hapa ni nani?"

Tangu hapo, binamu, hajatamka neno jingine.

Lazima nikwambie yote, hata yanayonichoma. Mwaka jana alikuja bwana mmoja wa filamu, sisi tulimwita Miwani, akaomba amrekodi Shangazi "kwa kumbukumbu tu". Walimrekodi humuhumu ninamoandika, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Mimi ndiye niliyezima cherehani. Mimi ndiye niliyewafunga midomo mafundi wenzangu. Na alipoletewa karatasi atie sahihi, hakuisoma, nami sikuisoma, nilimpa kalamu.

Nimemfuata Miwani ofisini kwake. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alinivutia kiti, akanionyesha ile karatasi, akasema, "Mama alikubali, dada. Sauti ilikuwa inapotea bure." Nikamuuliza mbona jina la Shangazi halimo kati ya majina yanayopita mwishoni. Akatabasamu, akatazama saa.

Daktari wa koo alimmulika Shangazi, akasema koo ni zima. "Sema 'aa', Mama." Akafungua kinywa. Tukasubiri. Haikutoka hata pumzi yenye sauti, na nilimwona daktari akirudi nyuma hatua moja.

Chakula anakula, kidogo. Usingizi haupati. Wimbo ule sasa unapigwa kila mahali, saluni, dukani, kwa jirani. Ukianza, Shangazi anainuka, anafunga dirisha, anakaa tena akitazama mlango kama mtu aliyeambiwa asubiri. Juzi nilimkuta amegeuza kioo kikatazama ukuta. Nilikirudisha. Asubuhi nikakikuta kimegeuzwa tena.

Kwa hiyo nakuomba, usiandike, usipige simu. Njoo. Mimi nimeshindwa, na kila siku naona amebaki mdogo kuliko jana.

Jumapili ulipiga, ukaita "haloo, haloo", kisha ukakata, ukanitumia ujumbe kwamba mtandao wetu ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzima, binamu. Mama yako ndiye aliyekuwa ameshika simu.

Shemeji yako anakusalimu sana, na mafundi wote wa cherehani, hata yule mkata vitambaa uliyekuwa ukimwita Mkasi. Msalimie mumeo, uwabusu watoto. Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu kabla hatujachelewa.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Fundi wa nguo za jukwaani.